Mtangulizi ni Nani?

Neno mtangulizi ni neno la heshima. Katika msafara, mtangulizi ni yule aliyepita kwanza mahali pasipo na njia, akavunja miiba na kupima kina cha mito, ili wafuatao wapite salama. Tunapowaombea dua wazee wetu waliokwisha kufa, twawaita waliotutangulia, na ndani ya neno hilo mna shukrani. Kwa hiyo haifai neno hili kutolewa ovyo. Aliyepewa heshima isiyo yake hakuongezewa kitu, lakini aliyenyimwa heshima iliyo yake amedhulumiwa, na dhuluma ikishaandikwa kitabuni huishi zaidi ya mdhulumiwa.

Nayasema haya kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Kijerumani, Frieda von Bülow. Wataalamu wa fasihi ya Kijerumani humtaja kuwa mwasisi wa riwaya ya kikoloni katika lugha yao, na aghalabu humpa pia sifa ya mwanamke mtangulizi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa alifika Unguja na Dar es Salaam mapema, wakati wanawake wa Ulaya walikuwa wachache sana katika pwani hii. Sifa ya kwanza sina ugomvi nayo. Sifa ya pili naikataa. Naikataa si kwa sababu alikuwa Mzungu, wala si kwa sababu alikuwa mwanamke, bali kwa sababu maana ya neno haimkai, na kwa sababu wako wanawake wa Temeke na Kinondoni ambao maana hiyo yawakaa sawasawa, nao wanazikwa mmoja mmoja bila ukurasa hata mmoja.

Insafu yataka kwanza tumweleze kwa haki. Alizaliwa Berlin tarehe 12 Oktoba 1857, katika ukoo wa kikabaila. Sehemu ya utoto wake aliipitisha Izmir, katika dola ya Kituruki, ambako baba yake alikuwa konseli. Ndugu yake Margarethe, ambaye naye alikuwa mwandishi, alikufa maji mwaka 1884 alipokuwa akimwokoa mtoto aliyetumbukia katika barafu. Frieda aliubeba msiba huo, akatafuta kazi ya kuutia moyo wake nguvu. Mwaka 1886 alishiriki kuunda chama cha wanawake wa Kijerumani kilichokusudia kupeleka wauguzi katika makoloni. Mwaka 1887 alifika Unguja pamoja na mwuguzi Bertha Wilke, na kutoka huko kazi yao ikagusa Dar es Salaam. Mwaka 1888 alikwisha kurudi kwao. Mwaka 1892 ndugu yake wa kiume, Albrecht, aliuawa huko Moshi katika vita na watu wa Mangi Meli. Na mwaka 1893 Frieda alirudi tena Afrika kulisimamia shamba la nduguye karibu na Tanga, kisha mwaka 1894 akaondoka asirudi tena. Baadaye aliishi kwa kalamu yake mpaka alipofariki Jena mwaka 1909.

Huyo hakuwa mtu dhaifu. Alikuwa shujaa kwa namna yake, alijua kufiwa, na katika zama ambazo mwanamke wa tabaka lake alitazamiwa kukaa sebuleni akingoja mchumba, yeye alipanda meli. Siandiki kumtukana marehemu. Naandika kupima neno moja, na kipimo changu kina maswali matatu. La kwanza: mtu huyo alipofika alimkuta nani? La pili: alikaa kwa idhini ya nani? La tatu: njia aliyoifungua ilipitiwa na nani?

Tuanze na la kwanza. Dar es Salaam ya mwaka 1887 haikuwa pori. Kijiji cha Mzizima kilikuwapo kabla ya jina la sasa. Sultani Majid bin Said alianza kujenga mji wake hapo katika miaka ya 1860, na majumba yake yalikuwa yamesimama ufukoni, ijapokuwa mengine yalikwisha kuharibika baada ya kufa kwake mwaka 1870. Washomvi walikuwa na majumbe wao, Wazaramo walikuwa na mashamba yao, Wahindi walikuwa na maduka yao. Ukienda kaskazini kwa miguu hata Kunduchi, ambayo leo imo katika wilaya ya Kinondoni, utayakuta magofu ya msikiti wa mawe uliojengwa karne nyingi kabla Berlin haijafikiri habari za pwani hii, pamoja na makaburi yaliyopambwa sahani za Kichina. Watu hao walizaa, wakalima, wakasali na kuzikana mahali ambapo vitabu vya baadaye vilipaita pori linalongoja.

Mtu asidhani kwamba nafanya mzaha wa maneno. Liko jaribio jepesi la kuijua haki katika jambo hili, nalo ni kuligeuza. Mwaka 1866 Seyyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja na Omani, alitoroka kwao, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870, akamwacha mjane na watoto watatu katika nchi ya ugeni. Alijifunza Kijerumani, na kwa lugha hiyo akaandika habari za maisha yake, kitabu kilichochapishwa mwaka 1886, yaani mwaka mmoja tu kabla Frieda hajafika Unguja. Salme alikaa Ujerumani miaka mingi sana kuliko Frieda alivyokaa Afrika. Alifariki mwaka 1924, tena katika mji ule ule wa Jena. Haya, ni nani aliyewahi kumwita Salme mtangulizi wa Ujerumani? Hakuna. Na kwa nini hakuna? Kwa kuwa kila mtu ajua kwamba Hamburg na Berlin zilikuwapo, zina watu wake. Basi na Mzizima ilikuwapo, ina watu wake. Kama mgeni aliyekwenda kaskazini ni mgeni, mgeni aliyekuja kusini naye ni mgeni. Kipimo kisichokubali kugeuzwa hakipimi sawa.

Swali la pili: alikaa kwa idhini ya nani? Frieda alikuja nyuma ya kampuni ya Kijerumani iliyokuwa na tamaa ya nchi hii, na rafiki yake wa karibu alikuwa Carl Peters, yule ambaye mwaka 1884 alizunguka bara akikusanya alama za mikono juu ya karatasi ambazo wenye nchi hawakuweza kuzisoma. Watu wetu walimpa jina Mkono wa Damu, wala hawakumsingizia. Alipokuwa mkuu wa Wajerumani huko Kilimanjaro katika mwaka 1891 na 1892, aliwanyonga mtumishi Mabruk na msichana Jagodja. Habari hiyo ilifika mpaka bunge la Ujerumani mwaka 1896, na mwaka 1897 Peters akafukuzwa kazi ya serikali.

Hapa ndipo kalamu ya Frieda inapotupasa kutazamwa kwa makini. Mwaka 1896, mwaka ule ule wa kashfa, alichapisha riwaya yenye jina Tropenkoller, maana yake kichaa cha nchi za joto, neno lililotumika siku hizo kuueleza ukatili wa Wazungu katika makoloni. Lifikiri neno hilo, msomaji. Mtu amenyonga watu, na jua letu ndilo linaloshitakiwa! Mwaka 1899 akatoa riwaya nyingine, Im Lande der Verheißung, yaani Katika Nchi ya Ahadi. Shujaa wa riwaya hiyo amefinyangwa kwa sura ya Peters, na bibi wa Kijerumani mwenye moyo mwema anampenda. Yaani miaka miwili baada ya Peters kufukuzwa na serikali yake mwenyewe, mwandishi huyu alimpa kiti kipya katika fasihi. Nauliza: nchi hiyo ya ahadi, ni nani aliyeiahidi, na nani aliyeahidiwa? Ahadi ni neno la watu wawili, na katika kitabu hicho yupo mmoja tu.

Jagodja hakuandika kitabu. Jina lake twalijua kwa sababu ya kesi, si kwa sababu ya fasihi. Hatujui aliimba nini alipokuwa akitwanga, wala mama yake alimwitaje. Lau Frieda angalimtazama msichana huyo kwa jicho lile lile alilomtazamia ndugu yake aliyekufa maji, fasihi ya Kijerumani ingalikuwa na kitabu kingine, na mimi nisingalikuwa na hoja ya leo. Na jambo la kusikitisha ni kwamba alikuwa na uwezo huo. Mwishoni mwa karne ile ile aliandika makala ya kuwalaumu wanaume waliohukumu maandishi ya wanawake kwa kipimo cha kiume, akadai mwanamke asomwe kama alivyo. Dai hilo ni la haki, nami nalitia sahihi. Lakini mwenye kudai mizani kwa ajili yake, akaificha anapofika jirani, ameidai faida wala hakuidai haki.

Mtu aweza kunijibu kwamba nimechagua mfano mwepesi. Kwamba safari mbili za Frieda zote pamoja hazikufika miaka mitatu, ilhali wako wanawake wa Kijerumani waliokaa zaidi. Kweli, wako. Magdalene von Prince alifika mwaka 1896 pamoja na mumewe, Tom von Prince, mkuu wa askari. Akakaa Iringa, kisha Usambara katika shamba la Sakkarani, na mwaka 1903 akachapisha kitabu cha habari za maisha yake, kilichosomwa sana kwao mpaka kikapigwa chapa tena. Lakini tazama nyumba yake ya kwanza ilikuwa nini. Ilikuwa ngome. Wajerumani, naye mumewe akiwa miongoni mwao, waliiteka Kalenga mwaka 1894, na wakati bibi huyo akipanga sebule yake Mtwa Mkwawa alikuwa akiwindwa misituni, mpaka alipojiua mwaka 1898. Kichwa chake kilichukuliwa, na fuvu likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Akaaye juu ya ngome aliyowekewa na bunduki hakukaa kwa idhini ya mtu. Kukaa sana hakubadili jibu la swali la pili.

Tena serikali ile ile iliyowafungulia mlango mabibi hawa ilimfungia Mjerumani mwenzao. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi mkubwa wa habari zilizomo katika Desturi za Wasuaheli, alikuwa mwalimu wa Kiswahili huko Berlin, na mwaka 1904 akamwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 wakasafiri kuja huku. Bertha alikuwa mwanamke, alikuwa Mjerumani, alikuwa tayari kuhamia Afrika Mashariki na kuishi na watu wake kama mke wa mwenyeji. Serikali ya koloni ikawakataza kukaa nchini wakiwa mume na mke, wakarudi Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Huyo Bertha haitwi mtangulizi mahali popote. Basi ni dhahiri kwamba cheo hiki hakikutolewa kwa ushujaa wa safari, wala kwa jinsi, wala hata kwa taifa. Kilitolewa kwa yule aliyekuja upande wa mwenye nguvu, akaandika.

Sasa na tuingie mitaani kwetu. Ili msomaji asione kwamba naruka, nitaeleza uhusiano. Kanuni ya ujenzi ya mwaka 1891, mwaka ambao Dar es Salaam ilifanywa makao makuu ya koloni, iliugawa mji kwa namna ya nyumba: mahali pa nyumba za Kizungu, mahali pa nyumba imara za namna nyingine, na mahali pa vibanda. Waingereza waliokuja baada ya vita vya kwanza waliuendeleza mgawanyo huo. Mwafrika alisukumwa kwanza Kariakoo, kisha Ilala, na mji ulipojaa katika miaka ya 1940 na 1950 vikapimwa viwanja Magomeni, Temeke, Kinondoni. Ndivyo watu walio wengi mjini walivyopata kuitwa watu wa pembeni ya mji. Na historia ya fasihi ilipoandikwa, ikachorwa kwa ramani hiyo hiyo: Frieda katikati, na sisi vibandani.

Miaka michache iliyopita tulimzika jirani yetu mmoja wa Temeke. Alikuwa ametoka Rufiji akiwa msichana, akafikia kwa shangazi yake, akapata kiwanja wakati Temeke ikiwa mikoroshi na nyasi. Alijenga kwa miti, fito na udongo. Akaezeka makuti, kisha madebe yaliyokunjuliwa, kisha bati, kila paa kwa jasho la miaka yake. Alikaanga vitumbua kabla ya adhana ya alfajiri, akapangisha vyumba vitatu, akalea watoto wasio wa tumbo lake, na wageni kutoka Rufiji waliofika mjini hawajui pa kulala walilala ukumbini mwake. Baada ya khitma lilifunguliwa sanduku lake. Mlikuwa na kanga mpya mbili, risiti za kodi ya kiwanja zilizofungwa kwa uzi, na kadi ya TANU. Mzee mmoja alisimama kusema maneno machache juu ya marehemu. Hakujua mwaka aliofika. Hakujua jina la mama yake. Akasema alikuwa mtu mwema, akaketi. Niliona haya, kwa maana mimi niliyesomea vyuoni nimekaa jirani naye miaka mingi, na tarehe ya kuzaliwa Frieda von Bülow naijua kwa siku na mwezi.

Mpime marehemu huyo kwa maswali yangu matatu. Alimkuta nani? Alikuta Wazaramo wenye mashamba yao. Wala hakusema hawapo. Hapa wapinzani wangu wataniuliza kwa nini basi namwita mtangulizi mtu aliyekuta wenyeji. Nitajibu: kwa sababu ya swali la pili. Alikaa kwa idhini yao. Aliomba mahali, akapokelewa, akaingia katika ngoma na misiba yao, akataniana nao, akaozesha kwao, akazikwa kwao. Na swali la tatu, njia yake ilipitiwa na nani? Ilipitiwa na mtaa mzima. Kutoka Temeke watu wakaenda Tandika, kutoka Tandika wakaenda Mtoni na Mbagala. Kutoka Kinondoni wakaenda Mwananyamala na kuendelea mpaka mashamba yakawa mji. Mbele ya kila mtaa ukiuliza utaambiwa jina la mwanamke aliyekuwa na nyumba ambayo wa kwanza wote walifikia. Njia ya Frieda nayo ilipitiwa, sikatai. Wanawake wa Ujerumani walioingia uandishi nyuma yake wana haki ya kumwita mtangulizi wao. Na wamwite. Sisi hakutufungulia njia.

Wako watakaosema: "Wanawake wako hawakuandika, aliyenyamaza asilaumu." Neno hili lina uongo mkubwa ndani yake. Mwana Kupona wa Pate alitunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake mwaka 1858, wakati Frieda akiwa mtoto mchanga. Ukimya haukuwa tabia ya mwanamke wa pwani. Na Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, aliingia TANU mwaka 1955, akazunguka katika vikundi vya ngoma vya wanawake, akina Tatu binti Mzee wakiwa pamoja naye, na kwa sauti yake maelfu ya wanawake wakakata kadi. Wanawake hao walisema mpaka dola ikasikia. Kilichokosekana si ulimi wao; kilichokosekana ni sikio letu lenye kalamu. Maneno yao mengi yaliyosalia tumehifadhiwa na Mmarekani, Susan Geiger, aliyekuja akaketi nao, akawasikiliza kwa subira, akatoa kitabu mwaka 1997 kwa Kiingereza. Namshukuru kwa dhati. Lakini shukrani yangu ina aibu ndani yake, kama ya mtu ambaye mama yake amefungwa kidonda na mpita njia.

Wala hatuwezi kusema kwamba Kiswahili hakikuonyeshwa mfano. Mwaka ule ule 1909 alipofariki Frieda, alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga ile ile aliyoiacha, Shaaban Robert. Huyo alimchukua mwanamke aliyezaliwa katika umaskini huko Fumba, akaandika Wasifu wa Siti Binti Saad, wala hakungoja Siti ahesabiwe na wakubwa ndipo amwone anafaa kuandikwa. Njia hiyo ilifunguliwa kwetu, na mwenyewe alikuwa mtangulizi kwa maana kamili. Tumeipita mara ngapi?

Kuna kundi jingine ambalo pia sikubaliani nalo. Hilo husema: vitabu vya akina Frieda na Magdalene vichomwe, au viachwe vioze katika lugha yao. Ndugu zangu, mshitaki hachomi ushahidi. Vitabu hivyo vitafsiriwe kwa Kiswahili vizima, bila kufutwa mstari, na kando yake ziandikwe fafanuzi za watu wetu: hapa pana mji, yeye ameandika pori, hapa pana mtu mwenye jina, yeye ameandika boi. Mwanafunzi asome kwa macho mawili. Vivyo hivyo Salme asomwe kwa macho mawili, maana naye katika kitabu chake aliutetea utumwa, na udugu wetu naye haupasi kututia kiwi. Huko Ujerumani kwenyewe wameanza kuyapima majina. Mwaka 2023 Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa katika vita vya Maji Maji. Na mwaka 2024 barabara ya Berlin iliyopewa jina la Peters tangu mwaka 1939 iliondolewa jina hilo, sehemu yake ikaitwa Maji-Maji-Allee. Wao waliopewa heshima isiyo yao wameanza kuirudisha. Sisi tulionyang'anywa tumeanza kuipokea? Au tutaiacha iketi mlangoni kwa kuwa hatujui tumpe nani?

Tujue basi tumpe nani. Namaliza kwa ombi, na ombi langu nalielekeza kwa wanafunzi wa chuo kikuu, maana wao ndio wenye nafasi, na wengi wao wamepanga vyumba katika nyumba za wanawake ninaowasema. Kila mmoja na aandike maisha ya mwanamke mmoja aliyefungua mtaa. Msianze na karatasi ya maswali. Anzeni na salamu, shikamoo kwanza, kisha msaidieni kuchambua mchele. Mwulizeni alifika na nani, alilala wapi usiku wa kwanza, nani alimwonyesha kisima, nyumba ilianzia chumba kipi. Kama hakumbuki mwaka, mwulizeni kama ilikuwa kabla ya Uhuru au baada, kabla ya Azimio la Arusha au baada, na mtoto gani alikuwa mgongoni. Mkiisha kuandika, rudini mkamsomee, naye asahihishe, kwa kuwa maisha ni yake. Na juu ya kitabu liandikwe jina lake kwanza, lenu baadaye.

Kazi hii haina fedha nyingi wala safari ya meli. Yataka basi la kwenda Temeke Mwisho au Kinondoni Makaburini, daftari, na adabu. Lakini yataka haraka. Waliofika wakiwa wasichana kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 leo ni vikongwe, na mtu akifa na habari zake hatuwezi kumwomba arudi azimalizie. Frieda von Bülow amekwisha kuandikwa. Hata tukimnyima neno moja hatapungukiwa. Jirani yangu hakuandikwa, wala mimi sina tena la kumwuliza. Bado wapo wengine, wameketi barazani jioni hii, na milango yao iko wazi.